Msimulizi Anayepotea: Sherlock Holmes katika Filamu na Swali la Bwana Msa

Wahakiki wa riwaya ya Kiswahili wamezoea kumtambulisha Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla kwa kumlinganisha na Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, na ushahidi wao wa kwanza huwa ni kiko. Ushahidi huo ni dhaifu kuliko unavyoonekana. Holmes wa vitabuni, aliyejitokeza mwaka 1887, huvuta viko vya aina mbalimbali, cha udongo kikiwemo. Kiko kilichopinda, kile kinachojulikana dunia nzima, kilienezwa na jukwaa: mwigizaji William Gillette alianza kumwigiza Holmes mwaka 1899, kisha akamwingiza katika filamu mwaka 1916. Kwa hiyo amtajaye Holmes mara nyingi humkusudia Holmes wa kutazamwa. Abdulla mwenyewe alizaliwa mwaka 1918, na Mji wa Unguja ulipata jumba la sinema la Royal mwaka 1921. Hilo halithibitishi kwamba aliziona filamu za Holmes. Linaonya tu kwamba athari haikulazimika kupita vitabuni peke yake.

Lililo zito zaidi ni suala la msimulizi. Katika riwaya 4 na hadithi fupi 56 za Holmes, ni 4 tu ambazo hazisimuliwi na Daktari Watson. Msomaji huona kile anachokiona Watson, na kwa kuwa Watson huona bila kuelewa, fumbo hudumu hadi mwisho. Kamera haina nafsi ya kwanza ya namna hiyo. Kila aliyemhamishia Holmes kwenye skrini amelazimika kumtafutia Watson kazi nyingine.

Filamu 14 za Basil Rathbone, za kati ya 1939 na 1946, zilichagua njia rahisi. Watson wa Nigel Bruce ni mzee wa kuchekesha ambaye mshangao wake umegeuzwa kuwa upumbavu. Mtazamaji anamcheka mtu ambaye msomaji alikuwa akishirikiana naye. Mfululizo wa Granada wa miaka ya 1984 hadi 1994, ambamo Jeremy Brett ni Holmes, ulimrudishia Watson heshima yake ya udaktari na uaskari, kwanza kwa uigizaji wa David Burke, halafu wa Edward Hardwicke. Hata hivyo, anaandamana na hadithi badala ya kuiongoza. Mfululizo wa BBC wa 2010 hadi 2017 ulikwenda mbali zaidi: maandishi huelea kwenye skrini yakitoa mawazo ya Holmes, hata yale ambayo Watson bado hayajui. Umesifiwa sana kwa ubunifu, na sifa hizo unazistahili. Lakini hapo ndipo Watson anapoachwa nyuma kabisa, maana mtazamaji amehamishwa kutoka kiti chake na kuwekwa ndani ya kichwa cha mpelelezi. Mfululizo wa Kimarekani wa 2012 hadi 2019, wenye Watson mwanamke, ulimfanya mwanafunzi na hatimaye mpelelezi kamili, na kwa njia hiyo ukalikwepa swali.

Tanzania ina jawabu lake, nalo halikubuniwa kwa ajili ya Holmes. Ni mkalimani wa filamu, ambaye hupunguza sauti ya asili na kuzungumza juu yake kwa Kiswahili. Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alijipatia wasikilizaji wengi kutoka Dar es Salaam kwa kanda za namna hiyo. Mkalimani haishii kutafsiri maneno. Hufafanua nia za wahusika, hutania na huonya. Amekwisha kuitazama filamu, hivyo anamjua muuaji. Watson naye, anapoketi kuandika, anamjua muuaji. Sanaa yake yote ni kunyamaza hadi wakati ufike. Msimulizi aliyeondolewa na kamera anarudi kupitia mkalimani, na pamoja naye unarudi uamuzi wa kusema au kuficha.

Uamuzi huo una uzito wa pekee katika wilaya kama Chemba, iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012. Humo kuna Kirangi cha Kibantu, Kiburunge cha Kikushi, na Kisandawe chenye vidoko, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wasemaji wake. Kwa wengi wao ni lugha ya pili.

Hapo ndipo Bwana Msa anapoingia. Mwandishi atakayemhamishia kwenye skrini atamkuta Najum, swahibu wa kuuliza na kushangaa, akihitaji kazi kama Watson. Atakuta pia tatizo ambalo Holmes hana. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichochapishwa mwaka 1960, maiti ya Ali Bomani inakutwa mzimuni, na hofu ya watu inafunika kazi ya muuaji. Neno "mzimu" ndilo linalobeba fumbo. Kamera peke yake itaonyesha mahali tu. Mtazamaji wa Chemba, ambaye jirani yake wa Kondoa bado hufanya tambiko la mvua katika pango lenye michoro la Mongomi wa Kolo, atalijaza neno hilo kwa mahali pengine kabisa, na kwa heshima ambayo Bwana Msa hana. Mkalimani akiliacha neno lilivyo, atamwacha mtazamaji huyo aogope pamoja na watu wa Ali Bomani. Akilifafanua mapema, atakuwa amelivunja fumbo kabla Bwana Msa hajawasha kiko chake.