Nusu Kilo Kariokor

Marafiki wakija Nairobi mara ya kwanza huniuliza swali moja: wapi kuna msosi ambao sitausahau? Wanatarajia niwatumie orodha ya mahali penye taa za kupiga picha na menyu ya ngozi. Mimi huwaambia waanze na majina. Mji huu umeficha historia yake kwenye majina ya masoko, na masoko ndiko watu wa kazi wamekuwa wakila tangu zamani.

Chukua Kariokor. Kutoka tao ni mwendo wa mguu tu, upande wa Ngara na Ziwani. Moshi unakupokea kabla hujaliona soko. Usiulize menyu. Unachagua mbuzi anayening'inia, unasema nusu kilo, inapimwa ukiona, kisha unangoja. Inakuja juu ya ubao, inakatwakatwa mbele yako, na ugali, kachumbari na chumvi pembeni. Uma wa nini? Unanawa, unakula.

Sasa lile jina. Ni Carrier Corps, limepita kwenye ulimi wa Kiswahili likatoka Kariokor. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walipigana na Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Barabara zilikuwa chache, na ng'ombe na punda walikufa kwa ndorobo. Mzigo ukabaki kichwani mwa mtu. Wanaume walikusanywa vijijini, wengi kwa nguvu, hasa msako uliposhika kasi mwaka 1917. Hapa Nairobi kambi yao ilikuwa eneo hili hili. Dar es Salaam, mji ambao Waingereza waliuteka 1916, nako kulikuwa na kambi yao, na ndiyo sababu Watanzania wana Kariakoo.

Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu. Na hapa ndipo tonge hunikwama: wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Posho yao ilikuwa unga wa mahindi, mara nyingi ukipikwa haraka bila kuiva, ukawaharibu matumbo watu waliozoea vyakula vingine. Yaani soko tunalokimbilia kushiba limebeba jina la watu waliokufa kwa kulishwa vibaya.

Ukitoka hapo, nenda Burma, karibu na City Stadium, Jogoo Road. Nyama tena, moshi tena, na vita tena. Jina hilo lilirudi na askari wa KAR waliopelekwa Asia kupigana na Wajapani katika Vita vya Pili. Vita viwili, masoko mawili, na wateja wengi wanadhani ni majina ya stage tu.

Serikali ya kikoloni ilijaribu kuwakumbuka kwa njia yake. Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu ya shaba ya mwaka 1928, watu watatu, mmoja wao mpagazi. Maandishi yake, ambayo Rudyard Kipling aliyatunga, yanaahidi kwamba wana wa waliokufa watayakumbuka majina yao. Lakini mpagazi wa shaba hana jina. Tunampita kila siku tukikimbilia mat.

Kwangu mimi, Kariokor limefanya kazi kuliko ile shaba. Neno lile lilitamkwa na watu wenyewe, likapindwa hadi likawa letu, na bado linatajwa kila siku na makanga, wauza viondo na wachoma nyama. Kilichopotea ni maana yake, na hiyo inaweza kurudishwa bila pesa ya mtu.

Kwa hivyo mgeni wangu, nenda na mtu. Agizeni nusu kilo, na mkingoja mwambie jina hili lilitoka wapi. Mweleze kabla nyama haijafika, kwa sababu ikifika hakuna atakayekusikiza.