Dawa ya Ukutani: Habari za Upareni, 1955–1959

Ndugu msomaji, neno "dawa" katika lugha yetu lina upana mkubwa. Anachokunywa mgonjwa ni dawa, na kinachomuua panya nacho ni dawa. Wanaoaminiana hawadhuriki na upana huo. Lakini mgeni akikuletea dawa mlangoni, ni juu yake akwambie ni ya namna gani.

Mwaka 1955 wapuliziaji walianza kuingia katika nyumba za tambarare zilizo chini ya milima ya Upare, sehemu za Gonja na nyinginezo, na kuvuka mpaka Taveta upande wa Kenya. Pampu zao zilikuwa na dieldrin, sumu ya kuua mbu, wakaipuliza kutani na darini. Kazi hiyo ilisimamiwa na taasisi ya malaria ya Amani, Usambara, chini ya Dr. Bagster Wilson, ikaendelea mpaka 1959. Kwa hakika ilifaa. Malaria ilipungua sana, na vifo vya watoto wachanga vikapungua pia. Mbu aitwaye funestus alitoweka majumbani, na mahali pake akashika jamaa yake, rivulorum, ambaye hupenda zaidi damu ya ng'ombe.

Ama hatari zilikuwa mbili. Ya kwanza ni sumu yenyewe. Dieldrin hupenya ngozini, na katika miaka hiyo hiyo wapuliziaji wa nchi mbalimbali walianguka wakigaragara kama wenye kifafa. Mwaka 2001 mkataba wa Stockholm uliitia katika orodha ya sumu kumi na mbili za kukomeshwa duniani.

Hatari ya pili ilikuwa ya kufichika zaidi. Mtu anayeumwa na mbu tangu utotoni, akisalimika, mwili wake hujenga kinga kidogo kidogo. Mbu wakiondolewa miaka kadhaa, kinga ya mkubwa hupungua, na mtoto aliyezaliwa wakati huo hana kabisa. Basi pampu zikiondoka na mbu wakarudi, itakuwaje? Wataalamu waliijua hofu hii. Waliijadili kwa ukali katika mkutano wa Kampala wa 1950, na Wilson mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotaka tahadhari.

Yuko atakayesema kwamba mambo ya kinga hayaelezeki kwa mwanakijiji. Hoja hiyo ni dhaifu. Mtu wa milimani akishuka tambarare na kulala huko, hushikwa na homa upesi kuliko mwenyeji; kulijua hilo hakuhitaji daktari. Wala Wapare hawakuwa watu wa kupokea kila neno la serikali. Miaka kumi nyuma, Januari 1945, maelfu yao walikwenda mpaka boma la Same kuipinga kodi ya mbiru, ambayo makadirio yake hawakuyaridhia.

Kunyamaza kwa wataalamu kulikuwa na mfano wake mbali na Afrika. Marekani, katika nchi ya Wanavajo, uranium ilichimbwa tangu miaka ya 1940. Kuanzia 1950 matabibu wa serikali walikuwa wakiwapima wachimbaji, na ili wenye migodi wawaruhusu kuingia, walikubali kutowaambia wachimbaji hatari ya hewa waliyoivuta chini ya ardhi. Mabaki ya mawe ya migodi yalichukuliwa yakajengewa nyumba. Wanavajo huuita uranium leetso, yaani udongo wa manjano. Jina hilo hutaja rangi, halitaji madhara. Fidia ya wachimbaji ilipata sheria mwaka 1990, wakati wengi wao walikwisha kufa kwa saratani ya mapafu.

Upareni mambo hayakufikia hapo, alhamdulillahi. Baada ya 1959 malaria ilirudi polepole, na vifo vya watoto havikupanda kufikia kiasi cha zamani. Pengine kwa sababu klorokwini ilikuwa imeenea. Wako wanaoyatumia matokeo hayo kuwa hoja, kwamba hapakuwa na haja ya kusema. Lakini mwaka 1955 hakuna aliyeyajua matokeo hayo, na aliyewekwa katika hatari ni mtoto wa Gonja, si mtaalamu.

Matabibu waliendelea kurudi miaka ya 1960, wakichoma vidole vya watoto na kuhesabu vijidudu katika damu. Safari hizo zilikuwa za kupima.