Kimulimuli

Mkulima anayekesha kwenye majaruba ya mpunga ya Ubaruku, wilayani Mbarali, akisubiri zamu ya maji, hahitaji kufafanuliwa kimulimuli. Jina ni ndugu wa kitenzi kumulika. Tumboni mwa mdudu huyu, lusiferini huungana na oksijeni kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho lusiferasi. Mwanga hutoka, joto karibu hakuna. Dume humulika kumwita jike. Lava humulika kuwaonya maadui kwamba haliki.

Taa za magari ya polisi na ya wagonjwa zimeazima jina hilo, ila upatanisho wa kisarufi haukuazimwa. Mdudu ana uhai, taa haina. Basi tuandike: kimulimuli ameruka, kimulimuli cha polisi kimezimika.