Chini ya Irente Kuna Mazinde

Wageni wengi wanaozuru Usambara Magharibi hufuata njia moja. Wanashuka basi Mombo, wanapanda ile barabara ya kona kupitia Soni hadi Lushoto, na kesho yake wanakwenda kwa miguu mpaka ukingo wa mwamba wa Irente. Hapo mlima unakatika ghafla. Chini kabisa yapo mashamba ya mkonge, reli ya Tanga, barabara kuu ya kwenda Moshi na mji mdogo wa Mazinde, kisha nyika inayoendelea hadi macho yachoke. Wanapiga picha, wanarudi. Ni haki yao kufurahi, maana mandhari ile haichoshi. Nami husikitika wanapoondoka bila mtu yeyote kuwaeleza kuwa Mazinde ile ndiyo iliyouvunja ufalme wa milima hii.

Ufalme wenyewe ulikuwa wa ukoo wa Wakilindi, na makao yake yalikuwa Vugha, juu ya mgongo wa mlima usio mbali na Soni. Wasambaa, wenyeji wa milima hii, husimulia habari za Mbegha, mwanzilishi wa ukoo huo, mwindaji aliyetoka Nguu, akawaua nguruwe mwitu waliokuwa wakila mashamba yao, akawagawia watu nyama, kisha akaua simba na kupewa utawala. Wanahistoria huyaweka mambo hayo katika karne ya 18. Tunayajua kwa urefu kwa sababu Abdallah bin Hemedi Ajjemy, aliyewahi kukaa karibu na watawala wa Kikilindi, aliyaandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi. Kitabu hicho kingestahili kuwekwa kwenye kila nyumba ya wageni ya Lushoto.

Kukaa juu kulikuwa na maana. Mlimani kuna mvua na ubaridi, migomba inastawi na homa si nyingi; nyikani kulikuwa na ukame na wavamizi wa mifugo. Hata hivyo Wasambaa hawakuipa nyika kisogo. Vijiji vingi vilijengwa mahali ambapo mtu angeweza kuhudumia migomba yake juu na kuteremka kulima mahindi chini, ili upande mmoja ukikosa mavuno, mwingine uilishe nyumba. Juu ya maisha hayo alikaa mfalme, ambaye watu walimwona kuwa mwenye mvua. Nchi iliposhiba alisifiwa, na njaa ilipoingia yeye ndiye aliyeulizwa.

Aliyeufikisha ufalme kileleni ni Kimweri ye Nyumbai. Amri yake ilifika hadi pwani, kati ya Tanga na Pangani. Mmisionari Ludwig Krapf alimfuata Vugha mwaka 1848, akarudi tena 1852. Richard Burton na John Speke walipopanda mwaka 1857 walimkuta mzee, tena mgonjwa. Alifariki mwaka 1862, na urithi ukaenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu.

Hapa ndipo Mazinde inapoingia. Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri, alikuwa amejiweka pale chini, penye njia ya misafara iliyokuwa ikitoka Pangani kwenda bara. Huko zilipita pembe za ndovu, nguo, bunduki na baruti. Mfalme wa Vugha alitegemea ushuru wa mifugo na mazao pamoja na heshima ya mvua; Semboja alikuwa na bunduki. Alimshambulia Shekulwavu, mtoto wa ndugu yake, akamweka mwanawe Kimweri Maguvu kwenye kiti cha Vugha, naye mwenyewe akabaki Mazinde. Kiti kilikuwa juu na nguvu ilikuwa imekwisha kuteremka. Wabondei, waliokuwa chini ya ufalme huo, nao wakaasi. Kwa miaka mingi baada ya hapo Wasambaa walitekwa na kuuzwa pwani, wengine na watawala wao wenyewe, na hilo ndilo jambo linaloniuma zaidi katika historia yote hii.

Wajerumani waliikuta nchi imechoka. Mwaka 1895 Semboja alifariki, na mwaka huohuo wakamnyonga Mputa, mtawala wa Vugha. Reli yao, iliyoanzwa Tanga mwaka 1893, ilifika Mombo 1905 na Moshi miaka michache baadaye, ikipita chini ya milima kwenye bonde lilelile la misafara. Lushoto wakaiita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, wakaifanya makao ya wilaya na mahali pa kulikimbia joto la pwani. Kutoka misitu ya Shume walijenga njia ya kamba za chuma ya kuteremsha magogo ya mierezi hadi Mkumbara, reli ilipopita. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, na jina la Kijerumani likafa.

Ukipata siku ya ziada, nenda Mlalo, kaskazini ya Lushoto. Wamisionari Walutheri walianza kituo hapo mwaka 1891, na bonde lake ni miongoni mwa mabonde mazuri kuliko yote niliyoyaona Tanzania. Ni bonde lenye uchungu pia. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, Waingereza waliona udongo unachukuliwa na mvua, wakaanzia Mlalo mpango wa kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta kwenye miteremko. Baadaye wakaueneza Usambara. Hofu ya mmomonyoko ilikuwa ya kweli. Ila kazi ilikuwa nzito, sehemu kubwa iliwaangukia wanawake, na aliyekaidi alipelekwa mahakamani. Waliotumwa kusimamia amri hiyo ni machifu wa Kikilindi. Watu waliowahi kumwendea mfalme kuomba mvua sasa walimwona akiwadai matuta. Hasira hiyo ilikisaidia sana chama cha TANU, kilichopigania uhuru, kupata wafuasi milimani. Mpango uliachwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na mara baada ya uhuru serikali ikafuta utawala wa machifu nchini kote, Wakilindi wakiwamo.