Mbuzi Hamjui Babu Yako

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako kipo kisu kinachotajwa kwa fakhari: "Hiki ni cha babu." Nami ninacho. Siku moja ya Idi ya kuchinja, nikiwa kijana, nilikichomoa alani mbele ya watu. Mzee mmoja akanishika mkono, akakipitisha kisu juu ya kamba. Kamba haikukatika. Akaniambia, "Mwanangu, mbuzi hamjui babu yako."

Maneno yale niliyakumbuka miaka mingi baadaye, niliposoma habari za mwanachuoni Yaaqub bin Is-haq al-Kindi, aliyefariki yapata mwaka 873. Bwana huyu alimwandikia Khalifa al-Mu'tasim, aliyetawala Baghdad na Samarra tangu 833 hata 842, risala juu ya panga na aina za vyuma vyake. Panga bora aliziita "atiq", neno ambalo watu hulifahamu kuwa ni la kale. Lakini yeye akabainisha kuwa hapa maana yake si umri, bali ni ubora. Upanga wenye sifa njema ni atiq hata ukiwa umefuliwa karibuni; na usiokuwa nazo si atiq, hata ungelifuliwa kabla ya kaumu ya Adi!

Na sisi watu wa pwani si wageni wa habari hizi. Al-Idrisi, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1154, ametaja machimbo ya chuma ya Malindi na Mombasa, na chuma cha Sofala kilichopelekwa Bara Hindi, ambako mafundi walikifua panga zilizosifika. Hazikusifika kwa jina la bandari kilikotoka chuma, bali kwa kazi ya mkono na moto.

Basi kisu hujaribiwaje? Kwanza kipitishie tupa kwenye makali: ikiteleza, pua ni ngumu, ikiuma, ni laini. Kisha kipinde kidogo: kikirudi sawasawa ni kizuri, kikibaki kimepinda ni dhaifu. Mwisho kate nacho mti mkavu, uyatazame makali. Yakimeguka, ugumu umezidi, yakijikunja, umepungua. Kwani pua ikizimwa majini ingali nyekundu huwa ngumu mno, na huvunjika kama kigae. Ndipo mhunzi hodari huirudisha kwenye moto mdogo, ipungue ugumu wake na ipate ustahimilivu.

Hata kisu kilichofaulu majaribio haya hakiachi kuhitaji kinoo. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kunoa kisu tunapochinja, na kumpumzisha mnyama. Amri hiyo haikubagua kisu cha urithi na kisu cha sokoni.

Ndugu yangu, wangapi miongoni mwetu hujitukuza kwa nasaba, ilhali nafsi zetu hazijanolewa kwa elimu wala ibada? Babu alikinoa kisu chake, akakitumia, akaenda zake. Tulichorithi ni chuma. Makali ni juu yetu.

Wabillahi tawfiq.