Meno ya Plastiki

Chonge langu la chini upande wa kushoto ni dogo, limepinda, na lina doa la kahawia. Nilikua nikiamini nimezaliwa nalo hivyo. Halafu binti yangu alipofikisha miezi saba akaanza kuharisha. Mama, aliyekuja kwetu Kasense kunisaidia kulea, akamfunua mdomo, akapapasa fizi kwa kidole, akanyamaza.

“Na wewe ulikuwa hivihivi,” akasema.

Ndipo nilipojua kwamba jino langu lina historia.

Mwaka 1989 niliharisha siku nne, nikachemka homa, nikakataa hata uji wa ulezi. Majirani wakamwambia mama nina meno ya plastiki, na kwamba mtoto huyo hospitali hawamwezi. Akanibeba mgongoni hadi kwa mganga. Mganga alitumia ncha ya spoku ya baiskeli. Alichotoa alikiweka kwenye kiganja cha mama: vipande vyeupe, laini. “Vilikuwa laini kweli,” mama aliniambia, kama anayejitetea.

Havikuwa plastiki. Mtoto huzaliwa na vichipukizi vya meno yote 20 ya utoto ndani ya taya. Chonge huchelewa kutokeza, mara nyingi mpaka baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa, lakini miezi mingi kabla ya hapo huinua fizi na kuonekana kama uvimbe mweupe. Kichipukizi kikichimbuliwa kabla hakijakomaa, hakina ugumu wa jino. Tena chini yake, au kando yake, kuna mbegu ya jino la ukubwani, na chuma hakijui kuchagua. Hivyo ndivyo chonge langu lilivyoharibika. Nilikuwa na bahati: wapo watoto waliovuja damu kupita kiasi, na walioingiwa na pepopunda au vijidudu kwenye damu.

Mama hakuwa peke yake. Mwaka 1969 Jens Pindborg, mtaalamu wa meno kutoka Denmark, alichapisha maelezo ya uchimbaji kama huo Uganda. Kwetu Tanzania habari za meno ya plastiki, au ya nailoni, zilivuma miaka ya 1980. Mwaka 1991 watafiti walikuwa wakiandika juu ya watoto wa Tanzania waliong’olewa “nailoni” na kasoro zilizowabakia. Mwaka 1997 Emil Kikwilu na mwenzake Hiza waliandika kuhusu waganga wanaong’oa vichipukizi hivyo nchini. Kilichowasukuma wazazi kilikuwa homa na kuharisha, yaani hofu ya kuzika mtoto.

Hofu hiyo ilikuwa na mizizi mirefu. Waswahili wa pwani walimwita kigego mtoto aliyeanza kuota meno ya juu, na walimhesabu kuwa mkosi. David Livingstone, aliyepita Ufipa kandokando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1872, aliandika katika shajara zake za mwisho kwamba mtoto wa namna hiyo aliuawa, na kwamba imani hiyo ilikuwa imeenea mbali.

Kwa hiyo wanaosema kumkagua mtoto kinywa mapema ni mambo ya Wazungu wanakosea. Wazee wetu walikagua, tena kwa makini. Tatizo ni walichokitafuta: kwanza mkosi, baadaye plastiki. Jina la mji wetu, Sumbawanga, huelezwa kuwa maana yake ni “tupa uchawi”. Kilichotupwa kutoka kinywani mwangu kilikuwa kijino tu.

Siku ile tulikwenda hospitali sote watatu. Mtoto alipewa maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki. Umri ule ndio mtoto anaoanza kula vyakula vingine, kutambaa na kutia kila kitu mdomoni. Uchafu ndio unaomharisha, si jino. Niliomba pia tumwone daktari wa meno. Akamshikisha mama tochi, akamwonyesha.

“Hili ni chonge linakuja, bibi. Tuliache.”

Mama alitazama muda mrefu. “Na la huyu mama yake, nalo lilikuwa jino?”

“Lilikuwa jino, bibi.”

Daktari akatupa mengine machache. Fizi zifutwe kwa kitambaa safi. Jino la kwanza likitokeza lipigwe mswaki, kwa dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele. Mtoto asilale na chupa ya chai ya sukari. Kabla hajatimiza mwaka, arudi aangaliwe. Meno ya utoto huoza haraka, na ndiyo yanayoyashikia nafasi ya ukubwani.

Njiani mama hakusema neno. Kesho yake nilimkuta jikoni asubuhi, amempakata mjukuu wake, amechemsha kitambaa cheupe na kukipoza, anamfuta fizi moja moja. Alipofika penye ule uvimbe alipunguza mkono, akapita polepole.

Chonge lilitoka mtoto akiwa na miezi kumi na minane. Mama ndiye aliyeliona kwanza.