Mwenye Nyumba, Fundi na Mkandarasi

Katika miji ya mawe ya pwani yetu, hususan Lamu na Unguja, mtu aliyeazimia kujenga nyumba hapo kale hakuhangaishwa na khiyari ya kumkabidhi mkandarasi kazi yote au kuisimamia mwenyewe, kwa kuwa mkandarasi hakuwapo, wala neno lake halikuwapo, maana kandarasi tumeikopa kwa Waingereza, ilhali zabuni, inayoandamana nayo siku hizi, ni neno la mnadani lenye asili ya Kiarabu. Aliyekuwapo ni mwenye nyumba, na chini yake fundi mwashi, seremala na vibarua. Naye ndiye aliyenunua boriti kwa korija, aliyetafuta mawe, aliyelipa ujira, na ndiye aliyejilaumu ukuta ulipopinda.

Kazi ilianza zamani kabla ya msingi kuchimbwa. Magogo yalipangwa duara, juu yake yakarundikwa matumbawe, tanuri likatiwa moto likawaka usiku na mchana, kisha ile chokaa iliyobaki ikaachwa inyeshewe mvua, ipoe na kulainika kwa miezi kadhaa, kwani chokaa iliyoharakishwa hulipiza kisasi ukutani baada ya mwenyewe kwisha kuhamia. Jiwe lililotolewa baharini lilichongwa lingali bichi, kabla halijakauka likawa gumu, likafanywa fremu za milango na zidaka. Jiwe la nchi kavu, lililo zito na kaidi, likaenda kwenye kuta. Boriti za mikoko nazo ndizo zilizoamua upana wa chumba, usiozidi sana mita 3, hata tajiri asiweze kwa fedha yake yote kununua chumba kipana kuliko mti. Hatimaye dari ya kokoto na chokaa ilipondwa kwa vijiti siku baada ya siku, watu wakiimba, mpaka ikashikamana.

Hapana budi niseme neno juu ya hao vibarua. Kibarua maana yake ni barua ndogo, yaani cheti cha kazi ya siku. Na katika Unguja ya karne ya 19 wengi waliofanya kazi kwa cheti hicho walikuwa watumwa waliokodishwa, ambao sehemu ya ujira wao iliishia mikononi mwa mabwana zao, jambo ambalo wasifuo kuta za kale aghalabu hulipita kimya.

Nyumba ya Lamu, fauka ya hayo, haikuwa kitu cha kukabidhiwa ufunguo siku moja. Binti alipokaribia kuolewa baba aliongeza ghorofa, au akavusha wikio juu ya kichochoro hata ng'ambo ya pili, na mjukuu akaja akaongeza lake. Kandarasi yenye tarehe ya mwisho ingemfaa nini mtu ambaye nyumba yake haikukusudiwa kumalizika?

Tarehe ililetwa na reli. Mwaka 1896 Bunge la Uingereza liliidhinisha pauni 3,000,000 kwa njia ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, na kamati iliyokaa London, badala ya kumpa mkandarasi mmoja kazi nzima, ikaamua kujenga yenyewe chini ya mhandisi mkuu George Whitehouse, ikaleta wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, na mfanyabiashara wa Karachi, A. M. Jeevanjee, akapata kandarasi za kuleta watu na vyakula vyao. Reli ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, na gharama yake hatimaye ikapita pauni 5,000,000. Wako waliosema kuwa hayo ndiyo malipo ya kukataa mkandarasi. Mimi siafikiani nao, kwa sababu hesabu ya kwanza ilifanywa kabla nchi haijapimwa sawasawa, na mkandarasi yeyote angeitia hofu yake katika bei, au angefilisika njiani. Wajerumani waliliona hilo jirani tu: njia ya Tanga, iliyoanzwa na kampuni mwaka 1893, ilikwama kwa ukosefu wa fedha hata serikali ikaichukua mwaka 1899. Walakini njia ya Dar es Salaam, ambayo ujenzi wake ulipewa Philipp Holzmann wa Frankfurt, ilianza 1905 ikafika Kigoma 1914, zaidi ya kilomita 1,200.

Tangu hapo mkandarasi akawa mtu wa serikali, wa makampuni na wa wenye haraka, na Tanzania ikamwekea Bodi ya Usajili kwa sheria ya mwaka 1997. Watu wa kawaida wa Kariakoo na Tandika, jijini Dar es Salaam, hawakumfuata. Wao waliendelea kupatana na fundi kwa kipande, kununua bati chache kila fedha ilipopatikana, na kusimama kwa miaka mingi kwenye lenta. Jumapili asubuhi bado utamwona mwenye kiwanja ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kalamu sikioni, akihesabu mifuko mitupu ya saruji huku fundi akimtazama kwa pembe ya jicho.